Mwanangu Yuko Kwenye Marekebisho Madogo

Nchi ninayoisimulia hapa msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Nimekatazwa kuitaja jina, na mimi ni mtu wa kutii. Niseme tu kwamba ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina bomba la maji kila mtaa, na siku moja mabomba hayo yatatoa maji. Viongozi wake wanatupenda mpaka tunaona haya.

Nawaandikia ninyi akina mama wenzangu, hasa mwenye mtoto anayejua kupiga picha nzuri kwa simu. Kabla hamjaendelea kusoma, nendeni mkamwangalie yuko wapi. Kama yupo, mwambieni akae hapohapo. Mimi nimeishia darasa la saba na kazi yangu ni kuuza mkaa, kwa hiyo mambo ya mtandao nitayaeleza kama nilivyoyaona, na anayejua zaidi anisamehe.

Binti yangu anaitwa Stamili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza posti za watu. Mtu ana duka au ana saluni, hana muda wa kuchezea simu, basi anamwita Stamili. Stamili anampigia picha, anamwandikia maneno matamu, anayarusha mtandaoni, watu wanaona, wanakuja. Nilimuuliza kwa nini mwenye saluni asijiandikie mwenyewe. Akaniambia, "Mama, kwani mkaa wako unajitembeza wenyewe mtaani?" Ila moyoni niliiona kazi nyepesi, ya kukaa kivulini.

Nyepesi ilikuwa kwa macho. Alikuwepo Dada Faudhia, mwenye saluni, aliyetaka posti yake isambae nchi nzima kabla ya jioni. Ila hakutaka sura yake ionekane, maana alikuwa na chunusi. Saluni nayo isionekane, maana ukuta ulikuwa umebanduka. Vichwa vya wateja pia visionekane, maana mtaa ungejua nani anavaa wigi. Stamili akafikiri, akapiga picha ya kitana. Kitana kikarudishwa, eti kimenuna. Akakipiga upya kwenye mwanga, kikarudishwa, eti kimechangamka kupita kiasi, watu watadhani saluni ni ya wahuni. Baada ya kuhangaika siku nzima, Dada Faudhia akasema ile ya kwanza ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo.

Alikuwepo na Fundi Mkude wa makochi. Alipoombwa picha za makochi yake, alisema Stamili achukue tu zozote mtandaoni, kochi ni kochi. Stamili akakataa, Fundi akaziweka mwenyewe, za makochi ya kifalme yenye miguu ya dhahabu. Watu walipokwenda kwake kuyataka, aliwaambia wamuulize aliyetengeneza posti. Ikawa wanakuja kwangu kuulizia makochi, nami nawauzia mkaa.

Kila nilipopakua chakula simu ililia. Stamili aliichungulia, akanawa, akasimama. "Nifunikie, Mama. Ni marekebisho madogo tu, nakuja kula." Nikafunika. Nimefunika sana sahani mimi.

*

Kile kitana ndicho kilichotuponza. Kilisambaa kweli. Watu walikipenda, wengine wakakichumbia. Ndipo gari la serikali likasimama mbele ya genge langu, akashuka Bwana Lukindo, Afisa Uhusiano wa Wizara ya Maji na Matumaini. Alivaa suti ya rangi ya maziwa. Nilimtafutia kiti, lakini kabla sijageuka alikuwa ameshakalia gunia la mkaa. Alipoinuka, doa jeusi lilikuwa nyuma ya suruali, mviringo kama mhuri. Nilitaka kumwambia nikaona haya. Nadhani kule wizarani nako waliona haya, maana nilimwona mara nyingi baadaye na doa lilikuwepo siku zote.

Alisema Mheshimiwa Waziri, Daktari Kitojo, amekiona kitana na ameguswa. Kama binti anaweza kufanya kitana kipendwe, alisema, anaweza kufanya lolote lipendwe. Taifa linamhitaji. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Jirani yangu Bi Mgeni aliposikia alinishika mikono yote miwili. "Mwenzangu, mtoto wako amekuwa serikali," akasema, na tangu siku hiyo akawa ananitangulia kunisalimu, wakati mimi ni mdogo kwake.

Kazi ya kwanza ilikuwa posti ya bomba. Stamili alipiga picha ya bomba, mama mmoja, na ndoo. Lakini wizarani hakuna kinachotoka kabla hakijapita kwenye Kamati ya Kuridhika. Kamati ikasema ndoo itolewe, kwa sababu mtu mwenye ndoo ni mtu asiye na maji. Ikasema na mama atolewe, anaonekana amechoka, na uchovu ni jambo la wizara nyingine. Likabaki bomba, na bomba lilikuwa kavu, basi likafunikwa kwa sura ya Waziri. Naibu akasema haiwezekani Waziri awe peke yake kama mjane. Akawekwa Naibu, wakawekwa Katibu, wakurugenzi, na dereva wa Waziri ambaye ni shemeji wa mtu. Ilipotoka ilikuwa nyuso tupu, kama picha za pasipoti ambazo hazijakatwa, na chini imeandikwa: Maji Yapo Njiani. Waliobonyeza kuipenda ni Stamili, Bi Mgeni na mimi. Waziri akauliza ni nani amefanya watu wasiipende. Kamati yote ikamgeukia mwanangu.

Na kwa kuwa Kamati ilikuwa haikimbii, kila kitu kilichelewa. Salamu za Idi zilitoka watu wameshaanza kufunga mwaka mwingine. Rambirambi za mwimbaji mmoja mzee zilitoka mjane wake ameolewa, mume mpya akakasirika. Ndipo Bwana Lukindo akapata wazo ambalo alipewa nishani kwa ajili yake: posti zote zitengenezwe mapema. Pole za mafuriko zitengenezwe jua likiwaka. Pongezi za timu ya taifa zitengenezwe kabla timu haijachaguliwa. Na misiba ya viongozi itengenezwe viongozi wakiwa wazima, ili waipitishe wenyewe.

*

Hili alinisimulia Stamili akiwa anakula, na alicheka mpaka akapaliwa.

Mheshimiwa Kitojo alikaa kichwani mwa meza kuupitia msiba wake. Picha hakuipenda, akataka ile ya ujanani, wakati ana shingo. Pale palipoandikwa ameugua kwa muda mfupi alipakataa, akasema panazitia aibu hospitali. Iandikwe amefia kazini, akikagua mradi. Mradi gani, wakauliza. Akasema waweke wowote, hakuna utakaokuwa umekwisha. Kisha akataka simanzi iongezwe. Ili kuipima, Kamati ikasomewa posti kwa sauti. Naibu Waziri akalia haraka mno na kwa uzuri mno, mpaka akaombwa ajieleze.

Ikabaki tarehe. Kompyuta haikubali kuhifadhi posti bila kupewa siku ya kutoka, na siku hiyo ikifika inajirusha yenyewe. Stamili akashauri iwekwe mbali, mwisho kabisa wa ratiba, halafu isogezwe kila ikikaribia. Wote wakakubali, mpaka Waziri alipoichungulia ratiba na kuona kwamba Waziri wa Barabara amepangiwa kufa mapema kuliko yeye.

"Itifaki hainiruhusu kufa nyuma ya mtu wa barabara," akasema. "Nitangulizeni."

Wakamtanguliza. Wakapiga na makofi.

Baada ya hapo Stamili hakucheka tena. Siku ile ilikuwa inakaribia, naye kila akimkumbusha Bwana Lukindo aliambiwa kwamba kusogeza tarehe ni marekebisho, marekebisho ni lazima yapite Kamatini, na Kamati iko ng'ambo kwenye semina ya kuharakisha kazi. Nyumbani akawa hali vizuri. Anashika tonge, analiangalia, analirudisha.

"Mama, kuna posti inaninyima raha. Ikitoka hiyo, Mheshimiwa amekufa."

Nikamwambia si aifute, kwani ufunguo wa huo ukurasa si anao yeye.

"Ninao. Neno la siri ninalo mimi peke yangu, wao hawawezi hata kuliandika. Lakini mtu akigusa kilichoridhiwa anashitakiwa kwa kutoridhika. Yuko mtu aliongeza nukta. Hatujui yuko wapi."

Mimi nikamwambia ale, chakula kinapoa. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

*

Mheshimiwa Kitojo alifariki asubuhi, akiwa mezani, na chapati mkononi. Alisikia mwenyewe simu yake ikilia, akaichukua, akaona.

Sijapata kuona posti iliyopendwa vile. Nchi nzima iliibonyeza. Watu walioandika ni wengi kuliko watu waliowahi kupata maji. Wengine waliandika pumzika baba. Wengine waliuliza kama sasa maji yatatoka. Mmoja aliandika tu, hatimaye. Redio zikaacha matangazo ya sabuni, zikapiga nyimbo za huzuni. Mkuu wa Nchi akalia kwenye televisheni, na machozi ya Mkuu yakishatoka hayarudi, hiyo iko kwenye sheria.

Marehemu alikimbiza gari mpaka wizarani. Mlinzi akamzuia getini kwa heshima zote, akamwambia Mheshimiwa amefariki, hivyo aeleze anakwenda kumwona nani. Alipofaulu kuingia, akaamuru posti ifutwe. Wakamwambia kufuta kunahitaji saini ya Waziri. Akasema yeye ndiye Waziri. Wakatazamana, wakasoma posti tena, wakamwomba radhi. Naibu naye hakuweza kusaini, kwa kuwa hajateuliwa kukaimu, na ukimteua mtu kukaimu unakuwa umethibitisha msiba. Kamati ikarudi kutoka semina, ikakaa, ikaamua kwamba serikali haijakosea. Posti ni sahihi. Inahitaji marekebisho madogo tu, mpaka mteja aridhike.

Gari likaja kumchukua Stamili. Tulikuwa tunakula ugali na dagaa. Alinawa, akafunga kilemba chake cha njano, akaniangalia. Nilimwona anataka kusema jambo, kisha akasema lile la siku zote.

"Nifunikie, Mama. Ni marekebisho madogo tu, nakuja kula."

Hakuja.

*

Nilikwenda wizarani. Msichana wa mapokezi alinipokea vizuri sana, akanipa kiti. Nikauliza mwanangu amekamatwa kwa kosa gani. Akashtuka kabisa.

"Hajakamatwa, mama yangu. Nchi hii hatukamati mtu. Yuko kwenye marekebisho."

"Yataisha lini?"

"Mteja akisaini kwamba ameridhika."

"Mteja ni nani?"

"Mheshimiwa Waziri."

"Na Mheshimiwa yuko wapi?"

Akainamisha kichwa. "Mungu amlaze pema."

Nilikaa pale mpaka nikaelewa kwamba anayetakiwa kusaini ni marehemu. Niliwaachia chakula nilichokuja nacho, wakakipokea. Kesho yake nilirudishiwa bakuli na maoni ya Kamati: chumvi ipunguzwe, na samaki wasionyeshe vichwa.

Kwenye benchi la wageni alikuwepo mzee mmoja mwenye tai, kaegemea ukuta, anasoma simu kwa furaha. Nilimjua kwa ile picha, ingawa shingo haikuwepo. Alikuwa anasubiri na yeye, maana ofisi yake ilikuwa imefungwa kwa maombolezo. Nikamwamkia. Akanisogezea simu.

"Umeona, mama, wanavyonipenda? Nilipokuwa hai sikupata hata robo ya hawa."

Nikamwambia mimi ndiye mama wa aliyetengeneza posti. Nikamwomba, kwa unyenyekevu wote, asaini kwamba ameridhika ili mwanangu arudi nyumbani. Nilipiga magoti, sioni aibu kusema. Akanihurumia, akaniinua kwa mkono.

"Kalamu ninayo, mama. Lakini saini ya marehemu ni ya kughushi. Unataka binti yako aongezewe kosa?"

Nikasema sitaki.

"Basi tulia." Akaitazama tena picha yake, akaivuta iwe kubwa, akakunja uso. "Halafu tusidanganyane, mimi mwenyewe sijaridhika. Tai imepinda."

*

Nilimsimulia Bi Mgeni. Yeye hana subira yangu. Alichukua simu, akaingia kwenye posti ya msiba, akaandika chini yake: Stamili yuko wapi? Wanunuzi wangu wa mkaa wakaiga. Dada Faudhia wa saluni akaandika. Fundi Mkude naye akaandika, akaweka na picha ya kochi. Siku chache tu, watu wa miji ambayo sijafika walikuwa wanauliza mwanangu yuko wapi, wengi kuliko waliomlilia Waziri. Hapo nilianza kulala.

Ndipo Bwana Lukindo akaja tena, na mpiga picha, na msichana mmoja mwembamba mwenye umri wa Stamili. Bwana Lukindo alikuwa anacheka usoni. Alisema habari ni njema, mwanangu anakaribia kutoka, na posti ya kurudi kwake lazima iwe tayari mapema, tusije tukaaibika kama kwenye Idi. Nilimuuliza kwa nini wasimlete kwanza ndipo wapige picha.

"Mama, hatuwezi kumtoa mtu ambaye posti yake haijapita Kamatini. Atatokaje? Kama nani?"

Niliona ni maneno ya mtu aliyesoma. Wakamfunga yule msichana kilemba cha njano, wakamsimamisha kunitazama mimi, mgongo kwa kamera. Nikaambiwa nimkumbatie. Nikamkumbatia. Bwana Lukindo akasema mikono iko legelege. Nikamkaza. Akasema sasa ninaonekana kama ninamzuia. Akasema nitabasamu, kidogo tu, kama mtu aliyeridhika. Nikafikiria mwanangu anaingia mlangoni ananuka jasho la garini, na tabasamu likaja lenyewe. Hiyo ndiyo waliyoichukua.  Yule msichana aliniambia sikioni, kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mama." Sikujua anaombea nini msamaha.

Posti ilitoka kesho yake. Stamili Arejea Nyumbani Salama, Mama Aishukuru Wizara.

Sijaijua furaha ya mtaa kama ile. Walikuja na wali, walikuja na soda, vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Nilipowaambia hayupo walicheka, wakasema namficha apumzike. Bi Mgeni, ambaye ni dada yangu kuliko dada zangu, alisimama mlangoni anachungulia chumbani juu ya bega langu.

"Amelala?" akaninong'oneza.

"Hayumo, Bi Mgeni."

"Haya, alale," akasema, akanipapasa mkono. "Kesho nitakuja kumwona." Akachukua simu, akaandika alhamdulillahi chini ya posti. Wote wakaandika. Na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

*

Nilirudi wizarani. Safari hii sikupewa kiti. Bwana Lukindo aliletwa, akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akatoa simu.

"Huyu hapa ni nani?"

Nikasema ni mimi.

"Umetabasamu au hukutabasamu?"

Nikasema nimetabasamu.

"Basi, mama. Unatafuta mtoto uliyemkumbatia?"

Nilimwambia posti ni ya uongo, ifutwe, ili watu waanze tena kuuliza. Alifikiri kwa dhati, nilimwona. Akasema ombi langu ni la haki, lakini kurusha anaweza yeyote pale wizarani, kufuta ndiko kunakohitaji neno la siri la ukurasa, na neno hilo wizara nzima hakuna anayelijua isipokuwa Stamili.

"Ukifika nyumbani," akasema, "mwambie aifute."

Akageuka kwenda zake na doa lake la mkaa nyuma.

Kwa hiyo nawaambia, wenzangu. Akija mtu na gari mlangoni mwenu akasema posti ya mtoto wenu imependeza, semeni mtoto amehama, hata kama anasikia uvunguni. Na akiwaambia mtabasamu, ombeni kwanza kuuona uso wa mnayemkumbatia. Mimi sikuomba. Nilikazania mikono isiwe legelege.

Jioni ile nilifika nyumbani, nikafungua mlango. Sahani ilikuwa mezani, imefunikwa. Nilikuwa nimepewa ujumbe na serikali, na mimi ni mtu wa kutii. Nikasimama katikati ya chumba, nikaita.

"Stamili. Wanasema uifute."